Uchovu wa Wodini Si Mazoezi

Safari hii safu yetu inazungumza na wale wanaotoka nyumbani kabla watoto hawajaamka na kurudi watoto wameshalala, yaani wenzetu wanaofanya kazi hospitalini hapa Doha. Na tunazungumza pia na wanaoishi nao, kwa sababu ambayo mtaiona mbele.

Mwambie nesi aliyemaliza zamu ya masaa 12 kwamba anahitaji mazoezi, kisha uangalie atakavyokutazama. Akiwa mpole atacheka tu. Zamu ikiwa ilikuwa nzito atakuuliza: "Unajua leo nimekwenda mara ngapi kutoka kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho?"

Ana haki ya kuuliza, na anastahili kujibiwa vizuri. Katika hospitali za mji huu wamo Wakenya, Waganda na Watanzania wa kila kazi: manesi, wataalamu wa maabara, wasukuma machela, wafanya usafi, walinzi, wapishi, makarani wa mapokezi. Wengi wao wanalisha zaidi ya nyumba moja. Huku kuna kodi ya nyumba na chakula, kule kuna ada za shule, dawa za wazee na tofali za kibanda kinachojengwa polepole. Vyote hivyo vimeegemea mgongo mmoja, magoti mawili na moyo mmoja. Mtaji huo ukiyumba, hakuna benki ya kuukopesha.

Kuchoka ni kitu kimoja, kujenga mwili ni kingine

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tikiti, safari baada ya safari. Walikuwa watu wa mji mmoja na mwajiri mmoja, lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo mara chache kuliko madereva. Utafiti ule ulifungua macho ya ulimwengu kuhusu faida ya kutikisa mwili.

Hapo nesi wetu atasema, "Basi na mimi ni kondakta." Kwa sehemu ni kweli. Shirika la Afya Duniani linahesabu kila mwendo, ukiwemo wa kazini, kwa hiyo hatua za wodini hazipotei bure. Ila miaka ya karibuni watafiti, hasa wa Denmark wakiongozwa na Andreas Holtermann, wamekutana na jambo ambalo wao wenyewe wanaliita kitendawili. Anayejitahidi mwili wakati wa mapumziko hupata faida kubwa ya moyo. Anayejitahidi mwili kwa kazi nzito ya kila siku mara nyingi haipati faida hiyo, na pengine hupata madhara. Wataalamu bado wanajadiliana, lakini sababu wanazozitaja zinaeleweka hata bila digrii.

Mazoezi hupandisha mapigo ya moyo kwa muda mfupi, kisha moyo unapumzika na kujijenga. Kazi ya wodini huenda kwa saa nyingi kwa kasi ndogo: unatembea hatua ishirini, unasimama, unainama kitandani, unamgeuza mgonjwa mzito, unasimama tena. Kuinua na kusukuma hupandisha shinikizo la damu. Kusimama mahali pamoja hujaza miguu. Na huchagui wewe lini uanze, lini upumzike. Kengele ya mgonjwa ndiyo inayochagua. Kesho yake, kabla mwili haujarudi katika hali yake, zamu nyingine imeanza.

Kipimo rahisi ni sauti yako. Ukitembea kwa kasi inayofaa unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba taarabu. Ukiwa unaweza kuimba beti zote bila kukata pumzi, hapo unatembea tu, na moyo wako bado haujasumbuka.

Tukumbuke pia kwamba wote wa hospitalini hawachoki namna moja. Karani wa mapokezi anakaa saa nyingi kama yule dereva wa London, na anachohitaji ni kusimama na kutembea. Mlinzi anasimama mpaka vifundo vinavimba. Kwake dawa ni kutembea, kunyoosha miguu na kuiinua juu akirudi. Mfanya usafi na msukuma machela wametumia mgongo na mabega siku nzima, kwa hiyo wanahitaji misuli ya kuwalinda, siyo kubeba zaidi. Nesi ana sehemu ya haya yote, na juu yake ana zamu za usiku, ambazo zikifuatana kwa miaka zimehusishwa na kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo.

Hesabu ya siku moja

Tafiti zinazofanywa kwa wafanyakazi wa hospitali katika nchi mbalimbali hurudi na majibu yanayofanana. Ukiwauliza kwa nini hawafanyi mazoezi, watu walewale wanaowashauri wagonjwa wao kila siku watembee hukujibu: muda hakuna, uchovu, zamu zinabadilika, watoto, mahali hakuna. Watu wa nje huita uvivu. Tuchukue kalamu tuone.

Zamu inaanza saa 1 asubuhi na kwisha saa 1 usiku. Basi la wafanyakazi linapita saa 11 na nusu alfajiri, kwa sababu lina vituo vingine vya kupita na kukabidhiana zamu kunahitaji muda. Jioni, ukishamaliza kukabidhi, ukangoja basi na kukutana na foleni, unaingia ndani saa 2 na nusu usiku. Yamekwenda masaa 15. Yamebaki 9. Ukilala 7, ambayo ndiyo anayohitaji mtu mzima wa kawaida, unabaki na mawili ya kuoga, kusali, kupika, kula, kukagua daftari za shule na kupiga simu nyumbani. Anayemwambia mtu huyu aende jimu kwa saa moja hajaiona siku yake.

Lakini tugeuze ukurasa tuone wiki nzima. Sheria ya kazi ya Qatar, Na. 14 ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha kawaida cha masaa 48 kwa wiki, na 36 katika mwezi wa Ramadhani. Zamu nne za masaa 12 zinatimiza 48. Kwa hiyo zipo siku ambazo huendi kazini. Tatizo ni kwamba siku hizo zimeshaliwa kabla hazijafika: nguo za kufua, soko, kutuma pesa, kulipia usingizi uliokosekana, na mara nyingi zamu ya ziada kwa sababu kuna mtu nyumbani kalazwa au muhula wa shule umefunguliwa.

Na kiwango chenyewe hakitishi kama watu wanavyodhani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au kati ya 75 na 150 za mwendo mkali, na siku 2 za kuimarisha misuli. Muhimu kwetu ni jambo lililobadilika: zamani walisema mwendo uwe walau dakika 10 mfululizo ndipo uhesabiwe. Sharti hilo limeondolewa. Dakika 5 ni dakika 5. Haba na haba imepewa muhuri.

Wala tusijione peke yetu. Shirika hilohilo lilitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani, kama bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho mwaka 2022. Karibu mmoja kati ya watatu.

Jua la Doha halina rafiki

Sisi wa pwani huwa tunajisifu kwamba joto tunalijua. Joto la Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili ni nyuzi 32 au 33, na upepo wa bahari unapita. Doha wakati wa kiangazi nyuzi 40 mchana ni jambo la kawaida, na usiku wa Agosti joto hubaki juu ya 30 huku hewa imejaa unyevu wa Ghuba. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho halikauki, linachuruzika tu, na joto linabaki ndani.

Wanaokumbuka mashindano ya riadha ya dunia yaliyofanyika hapa mwaka 2019 wanajua. Marathoni ya wanawake ilianzishwa Corniche usiku wa Septemba 27, dakika moja kabla ya saa 6, ili kukwepa jua. Hata hivyo joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Wanawake 68 walianza na 40 tu ndio waliofika mwisho. Mshindi alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich, kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43, mwendo wa polepole kuliko wa bingwa yeyote wa marathoni ya wanawake katika historia ya mashindano hayo. Ikiwa wakimbiaji bora wa ulimwengu walishindwa na usiku wa Doha, anayetoka zamu asione haya kusema kwamba Julai hatembei barabarani.

Serikali yenyewe inakataza kazi za nje juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15. Itumie amri hiyo hata kwa mazoezi yako. Ukiona kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kinagonga au mtu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, simama, ingia ndani, mwagia maji, tafuta msaada. Anayechanganyikiwa kwa joto ni mgonjwa wa dharura.

Kwa hiyo mwaka wa Doha una misimu miwili ya mazoezi. Kuanzia Novemba mpaka Machi mji ni wako. Corniche ina kama kilomita 7 za kutembea ukiiona bahari, na jioni imejaa familia. Mkabala wake iko bustani ya Al Bidda, ambayo metro inakufikisha. Aspire ina nyasi, miti na ziwa la kuzunguka. Kuanzia Mei mpaka Septemba, ingia ndani: korido za maduka makubwa kabla hazijajaa, ngazi za jengo lenu, sebule yenu. Bustani ya Umm Al Seneem, kusini mwa jiji, ina njia ya kutembelea yenye ubaridi wa kiyoyozi ambayo ni zaidi ya kilomita 1.

"Umenenepa, ughaibuni kumekukubali"

Kizuizi kingine hakiandikwi sana kwenye dodoso, nacho ni maneno ya nyumbani. Dada akipiga simu ya video uso umejaa, shangazi anafurahi: "Alhamdulillahi, unapendeza, kazi inakuendea." Akipungua kilo 5 kwa kutembea, simu zinaanza: "Una nini? Wanakutesa huko? Au unaumwa hutaki kusema?" Kwetu unene umekuwa cheti cha riziki, na wembamba umekuwa barua ya msiba. Mtu anaacha kutembea ili mama yake alale.

Mzungumze na wazee waziwazi. Mwambie mama kwamba daktari kakushauri utembee, na kwamba unatembea ili umtunze miaka mingi. Mzazi anayefahamu shinikizo la damu na sukari, na wengi wetu tunao wazazi wa namna hiyo, atakuelewa haraka kuliko unavyofikiri.

Kisha kuna karak. Chai ile ni tamu, na baada ya zamu inarudisha roho. Lakini vikombe vitano kwa siku, vya maziwa mazito na sukari, pamoja na chapati iliyokunjwa ya saa 9 usiku, vinaweza kula kazi yote ya miguu. Hatusemi uiache. Chagua vikombe vyako viwili na uvifurahie.

Na wapo wanaoona haya. Baadhi ya dada zetu hawapendi kufanya mazoezi mbele ya wanaume. Zipo jimu za wanawake peke yao, ila ada yake ya mwezi ni pesa ambayo mtu anaiona ada ya shule ya mtoto. Habari njema ni kwamba kutembea hakuhitaji ada wala nguo maalumu. Buibui na viatu vizuri vinatosha. Kama utanunua kitu kimoja mwaka huu, nunua viatu.

Ratiba ya zamu ni ya nyumba nzima

Sasa tufike kwa wanaoishi nao. Ushauri mwingi wa afya humlenga mtu mmoja: amka, jitahidi, jinyime. Kwa mfanyakazi wa hospitali haufiki mbali, kwa sababu muda wake umegawiwa na watu wengine. Nusu saa yake ya kutembea iko mikononi mwa anayebaki na watoto, anayepika, anayefua. Nyumba isipoitoa nusu saa hiyo, yeye hawezi kuipata hata awe na nia ya chuma.

Baba watoto, ratiba ya zamu ya mkeo ikitoka, isomeni pamoja. Ibandikeni kwenye friji. Wekeni alama kwenye siku mbili za mapumziko, dakika 40 kila moja, ambazo ni zake. Siku hizo wewe unawaogesha watoto na chakula cha jioni kiko juu yako. Wala usizichukulie kama hisani; ni bima ya nyumba yenu. Na wewe mama ambaye mumeo ndiye mlinzi au msukuma machela, mambo ni hayohayo: usimpangie ziara tatu za wageni katika siku moja ya mapumziko.

Mara mbili dakika 40 ni 80. Zimebaki 70. Hizo zitafuteni kwenye simu. Kila mmoja wetu hupiga simu nyumbani, na simu ya mama haiishi kwa dakika tano. Badala ya kujilaza kitandani, vaa visikilizio vya masikioni, tembea koridoni, uani au kuzunguka jengo huku mkizungumza. Dakika 10 kwa siku, siku saba, ni 70. Umefika 150 na habari za nyumbani zote unazijua. Ukiona unamsimulia mama harusi ya jirani bila kukata pumzi hata kidogo, ongeza mwendo.

Watoto nao waingizwe. Matembezi ya familia ya Ijumaa jioni yasiwe mkeka na sinia la biriani peke yake. Kwanza mzunguko mmoja wa ziwa pale Aspire, kisha mkeka. Kila Jumanne ya pili ya Februari Qatar husherehekea Siku ya Michezo ya Taifa, ambayo ilianza mwaka 2012, na watu hupewa likizo. Hospitali hazifungwi siku hiyo, na mama mwuguzi pengine yuko wodini watoto wakikimbia bustanini na baba. Basi siku yake ya kwanza ya mapumziko baada ya hapo iwe Siku ya Michezo ya nyumba yenu. Watoto hawabishani na kalenda, ilimradi mpira upo.

Wanaoishi kwenye makazi ya wafanyakazi, mbali na familia, hawana mume wala mke wa kugawana kazi, lakini wana mwenzao wa chumba. Tafuta mmoja ambaye zamu zenu zinafanana, mkubaliane siku mbili kwa wiki. Mtu humdanganya nafsi yake kwa urahisi. Mwenzake anayemgongea mlango ni vigumu kumdanganya.

Mgongo kwanza

Kwa misuli, huhitaji chuma. Mara mbili kwa wiki, dakika 15, chumbani kwako, kwa utaratibu huu: chuchumaa na kusimama kwa kutumia kiti nyuma yako, mara 10. Simama hatua moja kutoka ukutani, sukuma ukuta kwa mikono miwili, mara 10. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga juu na uzishushe polepole, mara 10. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zivute kuelekea mbavuni kama unayepiga makasia, mara 10. Pumzika, rudia mara mbili zaidi. Haya ndiyo yanayosaidia mgongo na mapaja kukubeba unapomgeuza mgonjwa.

Anayetoka zamu ya usiku alale kwanza. Usingizi ndio dawa yake ya kwanza, na kukimbia ukiwa hujalala ni kutafuta kuanguka. Tembea kidogo jioni kabla ya kurudi kazini, kwenye mwanga. Wakati wa Ramadhani, mwendo mwepesi kabla ya futari au baada ya tarawehe unatosha. Maji yanywe usiku kidogokidogo. Na mwenye shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya kifua au mimba azungumze na daktari kabla hajaanza. Uko hospitalini kila siku, usiwe wa mwisho kuonana na daktari.

Tunaloweza kuomba kazini

Mengine hayako mikononi mwetu wala mwa waume na wake zetu. Ratiba inayotolewa mapema humwezesha mtu kupanga. Mapumziko ambayo kweli yanachukuliwa humwezesha kukaa, kunywa maji na kunyoosha mgongo. Mashine za kuinulia wagonjwa huokoa migongo, ikiwa zipo karibu na watu wamefundishwa kuzitumia. Chumba kidogo chenye mikeka kinachofunguliwa wakati wa zamu zote, na siyo saa za ofisi tu, humfaa mfanya usafi sawasawa na daktari. Wale mlio viongozi wa wodi, na wapo wa kwetu waliofika huko, lisemeni kwenye vikao. Lisemeni kwa lugha ambayo wakubwa wanaielewa: mfanyakazi mwenye mgongo mzima haombi likizo ya ugonjwa.

Na walioajiriwa na kampuni za nje, wanaosafisha na kulinda, wasisahauliwe. Mara nyingi ndio wenye zamu ndefu na mlango mdogo wa kulalamikia. Nesi anaweza kumwambia mwenzake wa usafi, "Njoo tupande ngazi ghorofa mbili pamoja, lifti ituache leo." Halina gharama, na udugu wetu ugenini unajengwa kwa mambo kama hayo.

Wazee wetu walisema mchumia juani hulia kivulini. Tunachuma, tena sana. Kivuli tunachokitazamia kiko Tanga, Kisumu, Unguja au Jinja, chini ya mwembe, na wajukuu wanatucheza. Kukifikia kunahitaji magoti yatakayokubali kuinuka kutoka kwenye mkeka.

Ratiba ya mwezi ujao ikitoka, kabla hujajibu ujumbe wa zamu ya ziada, chukua kalamu uweke alama zako mbili. Kisha mpe mwenzako wa nyumbani aone, muulize yeye zake atazipata lini. Tuandikieni mtuambie mliziweka siku gani na nini kiliwazuia, hasa nyinyi wa zamu za usiku, tupate kusaidiana katika toleo lijalo.

Kila la heri, na zamu njema.